Wiki Niliyosema Bado

Mimi ndiye niliyemwambia binamu yangu kuhusu yale mashindano. Ninaliandika hili mwanzoni kwa sababu kwa muda mrefu nilijaribu kumtupia mama lawama, eti yeye ndiye aliyemwambia, na ushahidi ulinikataa.

Tangazo lilikuja kwenye kikundi cha WhatsApp cha wadi. Kambi mpya ya wageni kando ya bwawa, huku kwetu Kiplombe nje kidogo ya mji wa Eldoret, ilikuwa inaandaa mbio za aina tatu kwa siku moja: kupiga kasia kuvuka bwawa na kurudi, kukimbia kilomita nane, halafu baiskeli kwenye njia za mashambani hadi karibu na Sugoi na kurudi. Sentensi ya mwisho niliisoma mara nyingi. Mkazi wa kwanza wa wadi kufika angeajiriwa kambini kuwaongoza wageni majini na barabarani. Nafasi ilikuwa moja.

Nilikuwa na shahada ya takwimu na nilikuwa naingia mwaka wa pili nyumbani. Kila asubuhi nilikunja blanketi, nikafagia uwanja, nikakaa chini na simu nikisoma matangazo ya kazi yaliyotaka uzoefu wa miaka mitano. Baba, karani mstaafu wa ghala la mahindi kule Moi's Bridge, alikuwa ameacha kuniuliza. Kuulizwa ilikuwa vibaya, lakini kuachwa kuulizwa ilikuwa vibaya zaidi.

Binamu yangu hakuwa na shida hiyo. Ni mtoto wa mama mdogo. Alikuja kwetu kutoka magharibi akiwa na miaka kumi na minne, akaacha shule kidato cha pili, na sasa alikuwa akibeba maziwa kwa baiskeli kutoka mashambani hadi kwenye hoteli za mjini. Alitoka kabla hakujapambazuka na kurudi saa nne akiimba. Wenye hoteli walimpenda. Mbwa wa jirani, ambaye alinibwekea mimi niliyezaliwa pale, alimsindikiza hadi lango. Mama alimwita "papa", jina ambalo akina mama wa kwetu humwita mwana wanayemtegemea. Mimi aliniita jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, kama askari anayesoma kitambulisho.

Kwa nini basi nikamwambia? Nilijidanganya kwamba ni haki, kwamba hata yeye ni mkazi. Ukweli ni kwamba nilitaka anione nikishinda. Wivu hauridhiki na ushindi wa kisirisiri. Unamtaka mwenyewe awepo, asimame pale, apige makofi.

"Hiyo ya maji siwezi," alisema. Alikuwa akisuuza mitungi ya maziwa. "Mimi maji naijua ya kuoga tu."

"Utavaa jaketi ya kuelea. Huwezi kuzama."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Basi sawa. Si wewe ndiyo umesoma."

Hakuuliza kitu kingine. Mimi ningeuliza jaketi imetengenezwa na nani, inabeba kilo ngapi, na nani aliipima mara ya mwisho.

Nilijiandaa kama mtu anayeandika tasnifu. Nilipata baiskeli ya gia kwa mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliyeajiriwa benki. Nilimwonea wivu hata yeye, kwa kuwa na kitu cha kumwazima mtu na kukitoa akicheka. Nilipiga hesabu ya muda wa kila sehemu. Hesabu ilionyesha wazi kwamba mbio za miguu zilikuwa sehemu fupi, na baiskeli ndiyo ingeamua kila kitu. Atakayehifadhi miguu yake kwenye zile kilomita nane atashinda.

Nilijua pia kwamba wenzangu wangefanya kinyume. Hapa Eldoret mtu anaweza kupitwa darasani, kazini, hata kwenye foleni ya hospitali, akanyamaza. Kupitwa kwa miguu hakuvumiliki. Mwenye duka la mbolea akiwa anatembea zake asubuhi, ukimpita, utasikia viatu vyake vikianza kuharakisha nyuma yako. Nilikuwa nimelicheka jambo hili miaka mingi. Kwenye daftari niliandika kwa herufi kubwa: USIKIMBIZANE NA MTU.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Julai, baridi, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mwenye kambi alikuwa mama wa makamo aliyevaa gambuti na kuning'iniza filimbi shingoni. Mitumbwi ilikuwa ya plastiki, ya watu wawili wawili, na sisi tulikuwa wengi kuliko alivyotarajia.

"Nyinyi wawili mnatoka wapi?" alituuliza.

"Boma moja, Mama," binamu akajibu kabla sijazuia.

"Basi ingieni pamoja. Mkigombana mtagombania nyumbani."

Hivyo nikajikuta nyuma ya mgongo wa mtu niliyekuja kumshinda, tukiwa ndani ya chombo kimoja. Nilijaribu kufikiri kama kuna njia ya kumchelewesha yeye bila kujichelewesha mimi. Haikuwepo. Binamu alikuwa ameshika kingo kwa mikono miwili, kasia limelala magotini.

"Piga!" nilimwambia.

"Napiga kwa roho."

"Piga na kasia!"

Alilichovya majini kama anayejaribu uji. Wanaume waliokuwa ukingoni wakaanza. "Wewe wa mbele! Hiyo si mwiko! Unasonga ugali?" Mwingine akadakia, "Wacha asonge, labda maji itashikana watembee juu!"

"Profesa," binamu aliniita bila kugeuka. Hilo ndilo jina alilonipa. "Hii kitu inaenda mbele ama ni bwawa inarudi nyuma?"

Sikucheka. Tulikuwa katikati, na mimi nilikuwa na wazo. Mimi naogelea, nilijifunza mtoni kwa bibi, likizo baada ya likizo. Kama mtumbwi ungepinduka, jaketi ingemweka binamu juu. Asingepata madhara, angeogopa tu. Mashua ya waokoaji ingemchukua, na siku yake ingeishia hapo, wakati mimi ningepanda tena na kuendelea. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa. Kisha nikainamisha kiuno upande wa kushoto, kidogo.

Mtumbwi ukayumba. Mgongo wa binamu ukakaza, halafu yeye, mtu anayeogopa maji, akaegemea upande wa kulia.

"Ni sawa," alisema. "Nimekushikilia."

Alidhani ninaanguka. Nilikaa wima, na tangu pale nilipiga kasia bila kuwaza kitu.

Tulitoka majini tukiwa karibu wa mwisho. Kwenye mbio za miguu nilishika mpango wangu. Binamu aliniacha mapema, na nikamwacha aende. Watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, akina mama na mahindi ya kuchoma, wazee na fimbo. Mzee mmoja alinitazama kwa huruma kubwa.

"Kijana, wewe unakimbia ama unatafuta ng'ombe amepotea?"

"Nahifadhi nguvu, Mzee!"

"Unahifadhia nani?"

Hata hilo nililimeza. Nilikuwa na hesabu zangu. Lakini kwenye kona ya kilomita ya nne nilimwona binamu mbele, na yeye akaniona. Akageuka, akaanza kukimbia kinyumenyume, mikono ameitandaza kama anayemwita mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza.

"Njoo, Profesa! Nakungojea!"

Watu wote kwenye kona wakanigeukia kuona ni nani anayengojewa.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba baridi iliisha mwilini. Nilimpita kabla hajamaliza kugeuka. Niliwapita wawili waliovaa suti za mazoezi, nikampita mwalimu wa michezo ninayemjua, nikampita mtu aliyekuwa akipumua vizuri kuliko mimi. Watoto walipiga kelele. Kwa kilomita nne nilikuwa mtu wa mji huu, kwa namna ambayo kuzaliwa hapa hakukuwahi kunifanya niwe, na sitadanganya, ilikuwa tamu. Sehemu ya akili yangu ilisoma yale maandishi ya daftarini, ikayaelewa, na ikaendelea kukimbia.

Nilipopanda baiskeli, mapaja yalikuwa yamekwisha. Gia ishirini na moja hazikunisaidia kitu. Njia ilishuka bondeni penye udongo mweusi, na udongo ule ulijaza nafasi kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Nilishuka, nikaanza kuutoa kwa vidole.

Hapo ndipo binamu alipofika na ile baiskeli yake nyeusi, nzito, ya maziwa. Haikuwa na madigadi, yale mabati ya kukinga matope juu ya magurudumu. Alikuwa ameyatoa zamani. Hakupita katikati ya njia. Alipita pembeni kabisa, juu ya nyasi, mahali ambapo mtu wa maziwa hupita kila siku na mitungi iliyojaa. Palipokuwa na mwinuko alishuka akasukuma bila aibu yoyote, kisha akapanda tena. Chini ya keria alikuwa na kijiti kifupi kilichochongwa bapa, cha kukwangulia matope. Alisimama kando yangu, akakitoa.

"Shika. Vidole utaviumiza."

Na akaenda. Kijiti kilifanya kazi vizuri sana. Hata hivyo nilifika dakika kumi nyuma yake. Washindani kutoka nje ya wadi walikuwa wamemaliza zamani, lakini kati ya wakazi wa wadi yeye alikuwa wa kwanza na mimi wa pili.

Mwenye kambi alimpa mkono. Alimuuliza anafanya kazi gani, akafurahi kusikia. Halafu akauliza, kama mtu anayemalizia maswali tu, "Na kuogelea unajua?"

Binamu alikuna kichwa, akanitazama.

"Hajui," nilisema.

Nilisema haraka mno. Ilikuwa kweli, na ilikuwa jambo la maana. Anayewaongoza wageni bwawani lazima aogelee, na kunyamaza kungekuwa kosa. Hoja hizo zote nilizipata baadaye, nikitembea kurudi nyumbani. Wakati ninafungua mdomo sikuwa na hata moja.

Mwenye kambi alinikagua kuanzia kichwani hadi kwenye matope ya viatu. "Wewe ndiye wa pili?"

"Ndiyo, Mama."

"Na unaogelea?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Nampa wiki tatu ajifunze. Akishindwa, nafasi ni yako. Nani atamfundisha?"

"Huyu," binamu alisema, akinionyesha kwa kidole kwa furaha. "Huyu ni kama samaki."

"Sawa. Basi wewe ndiye utakuja kuniambia akiwa tayari. Sitaki kusikia kwa mwingine."

Chuoni tulifundishwa kwamba anayepima hapaswi kufaidika na kipimo. Nilimtazama yule mama nikajiuliza kama hajui kanuni hiyo au anaijua vizuri kuliko walimu wangu.

Tulianza Jumatatu. Alikuja kila alasiri baada ya kumaliza maziwa na kulala kidogo. Maji yalikuwa baridi hadi mifupa ikalalamika. Nilimshika tumboni kwa kiganja, alale juu ya maji, naye akawa anacheka kwa woga na kuuliza mara kwa mara, "Bado unanishika?" Siku ya tatu nilimwachia bila kumwambia, akaendelea kuelea akidhani kiganja kipo. Siku ya kumi na moja aliogelea kutoka nguzo ya kwanza ya gati la mitumbwi hadi ya mwisho, na kurudi. Mimi jambo hilo lilinichukua likizo tatu na kofi la mjomba.

Alisimama mbele yangu akitiririka maji. "Sasa?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lililotoka lilikuwa, "Bado."

"Bado nini?"

"Pumzi. Unavuta vibaya."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi majini. Kesho yake nikasema bado, mguu. Halafu bado, shingo. Nilibuni makosa, naye akayarekebisha, na kwa kurekebisha makosa ambayo hayakuwepo akazidi kuwa mzuri. Siku ya nne ya uongo wangu aliogelea vizuri kuliko mimi. Hapo sikuwa tena namwonea wivu wa kazi pekee. Nilimwonea wivu wa mabega yake yalivyoyakata maji.

Nyumbani mama aliuliza, "Papa, umefika wapi na hayo maji?"

"Profesa anasema bado."

"Akisema bado, ni bado," mama alisema. "Huyo amesoma. Anajua kitu anachosema."

Alilisema akiendelea kuchambua maharagwe, bila kuinua macho, kama jambo linalojulikana. Kwa miaka miwili nilikuwa nimengoja kusikia sentensi ile katika nyumba ile. Ilifika siku niliyokuwa nadanganya. Niliingia chumbani nikakaa kitandani, na kitu kinachoniaibisha hadi sasa ni kwamba nilifurahi.

Siku ya saba ya kusema bado, Jumatano, ilinyesha mvua ya mawe asubuhi. Alasiri binamu alikuwa majini, midomo imepauka, vidole vimekunjamana. Alikuwa ameamka saa kumi usiku na kubeba maziwa kwenye matope.

"Ebu angalia shingo tena," alisema. "Nadhani nimeishika."

Nilikasirika. Si kwa sababu yangu, nilidhani. Kwa sababu yake. "Kwani wewe hujioni? Hujui kama unaogelea?"

"Najiona nikienda. Lakini wewe ndiyo unajua kama ni sawa."

"Na kama nakudanganya?"

Alicheka. "Udanganye kwa nini?"

Mimi huuliza kila kitu. Nimemuuliza padre kuhusu sadaka, baba kuhusu shamba, mhadhiri kuhusu fomula yake mwenyewe. Nilizoea kwamba swali likiulizwa, mtu mwingine ndiye anayepaswa kuhangaika. Hili liliulizwa na mtu anayetetemeka, bila hila yoyote, na jibu nilikuwa nalo.

Nilipanda hadi stoo ya kambi. Mwenye kambi alikuwa akitundika jaketi kwenye misumari.

"Yuko tayari," nilisema.

"Tangu lini?"

"Wiki moja sasa."

Alitundika mbili zaidi kabla ya kusema. "Wiki tatu zinaisha Jumamosi. Ungevumilia siku tatu, kazi ingekuwa yako."

"Najua, Mama."

"Mwambie aje Jumatatu. Avae viatu visivyoteleza." Hakusema kingine, na mimi nilikuwa nimetumaini, kwa ujinga, kwamba angesema kitu cha kunipunguzia.

Nilipomwambia, binamu alipiga ukelele uliowashtua bata, akajitupa tena majini. Aliibuka akiwa amekunja uso.

"Lakini shingo? Si ulisema jana bado?"

"Jana nilidanganya. Na juzi. Wiki nzima."

Alibaki amesimama majini hadi kifuani. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeandaa hata hoja za kujitetea, nzuri kiasi.

"Ulikuwa unaitaka sana," alisema mwishowe. Haikuwa swali.

"Ndiyo."

Akatoka, akavaa shati juu ya maji. Tulitembea kuelekea nyumbani, yeye mbele. Karibu na lango akasimama. "Mimi nitasahau, nipe siku. Lakini Mama usimwambie. Ataumia bure."

Jumapili mama alichinja kuku. Kwetu firigisi haiulizwi ni ya nani. Huwekwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, na miaka yote nimeiona ikienda kwa baba bila mjadala. Siku hiyo baba aliitazama, akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Leo ni ya mwalimu," alisema. "Mtu anayemfundisha ndugu yake kazi aliyoitaka mwenyewe, huyo ni mtu mzima."

Mama aliitikia, "Kweli kabisa." Nilimtazama binamu. Alikuwa akikata ugali, uso umetulia, hakuna kitu kinachoonekana. Angeweza kusema neno moja tu. Nilijiuliza kama ningekuwa yeye ningelisema, na nikajua, bila kuhitaji takwimu, kwamba ningelisema.

"Kula basi," aliniambia, akinisogezea chumvi. "Itapoa."

Nikala.